Doa Jeusi Mashariki ya Magu

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Kazini mapema. Chai bila maziwa tena. Nimemaliza ufukwe wa Ghuba ya Speke. Picha ya setilaiti chini, karatasi ya kunakilia juu, taa ya meza ya kioo inawaka kwa chini. Penye weusi ni maji, natia bluu. Ndugu Mhandisi, mkuu wa ofisi yetu ya ramani, alifundishwa hivyo kozini: maji humeza mwanga, kwa hiyo kwenye picha hizi hutoka meusi. Ziwa lote ni jeusi tii.

Kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kufikiri. Tangu mume wangu Masanja afariki mwezi wa Desemba, sitaki kufikiri.

Jumatano, 7 Agosti
Mashariki ya Magu, mbali na ziwa, kuna doa jeusi kubwa. Ramani ya zamani haina kitu pale. Nimemwuliza Mhandisi. Kasema ramani ile ni ya Mwingereza, picha ni ya Septemba iliyopita tu, na ziwa lilipopanda miaka ya sitini lilijaza mabonde mengi. Kuuliza si ujinga, kaongeza. Nimelijaza bluu.

Ijumaa, 9 Agosti
Watu wa kamati ya kuhamisha vijiji wamekuja kuona ramani. Wameifurahia bluu ile. Kijiji kipya kitakuwa kando yake: maji ya watu, maji ya ng'ombe, hakuna haja ya kuchimba kisima. Malori mwisho wa mwezi.

Wakasoma majina ya vitongoji vitakavyohamia huko. Cha mama mkwe kimo. Nilikuwa nachonga penseli. Nikaendelea kuchonga.

Jumapili, 11 Agosti
Misa. Kisha kulala. Jirani, Mhaya mwenzangu, kaniletea ndizi za kupika. Nimeshukuru. Sikula. Sina huzuni wala furaha, niko tu kama kiti.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimelitazama doa kwa lenzi. Upande wa kusini ukingo wake umenyooka kama umekatwa kwa rula. Nimeweka ramani ya zamani juu yake. Pale ulipokatika pana njia ya ng'ombe.

Maji hayasimami kwenye njia ya ng'ombe. Yangeivuka.

Sikumwambia mtu. Sina hakika. Nikikosea, watasema nawapendelea wakwe zangu.

Jumamosi, 17 Agosti
Nimekwenda kwa mama mkwe. Basi limetutikisa mpaka meno. Nimemkuta anaanua mihogo juani.

"Shikamoo, mayu," nimemwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Bukoba kwenu hawali?"

Nimemweleza kuhusu ramani, kijiji kipya, na maji niliyoyachora.

"Maji? Pale ni mbuga tupu. Kiangazi hata ndege hawatui. Wakinihamishia pale nitakunywa nini, hiyo bluu yako?"

Nikamwuliza, mbona picha imeonyesha pamekuwa peusi mwezi wa tisa.

"Si alichoma mume wako! Alipokuja likizo. Alichoma ili majani mapya yatoke, moto ukamshinda. Ukala mbuga yote, ukafia kwenye njia ya ng'ombe. Alirudi kope zote zimeungua, tukamcheka mpaka tukakaa chini."

Nazikumbuka kope zile. Aliniambia ni jiko la mafuta ya taa.

Mama alicheka kidogo alipokuwa akisimulia, kisha akaacha. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilimsaidia kuingiza mihogo ndani.

Jumatatu, 19 Agosti
Nimemwambia Mhandisi. Majivu pia hutoka meusi, nikasema, si maji peke yake. Akasema hawezi kupeleka kwenye kamati maneno ya mama mkwe wa mchora ramani dhidi ya picha iliyopigwa kutoka angani. Ana haki. Hata mimi nisingejiamini.

Nikamwambia twende tukaone. Kasema Landrova haina mafuta mpaka Alhamisi.

Siku hizi tatu nitachora Kisiwa cha Ukerewe. Nina hofu. Niliisahau hofu jinsi ilivyo.

Alhamisi, 22 Agosti
Tumefika saa tano. Majani makavu yamefika magotini, udongo mweusi umepasuka, mguu unaingia kwenye nyufa. Hakuna tone. Mhandisi kachimbua kwa ncha ya kiatu, akakuta visiki vya kichaka vyeusi kwa moto wa mwaka jana.

Kasimama pale, mikono kiunoni. Kisha akacheka peke yake.

"Mimi mwenyewe nimechoma mbuga utotoni, kule Misungwi. Kila mwaka. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna mtu atapita juu na kuiona."

Hakuna aliyewaza hilo. Watu wa kamati nao, nusu yao ni watoto wa wafugaji. Tuliporudi Mhandisi hakupita ofisini, kaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati.

Jumatatu, 26 Agosti
Kamati imekasirika, hasa kwa kuwa malori yalishapangwa. Lakini imekubali. Kijiji kimesogezwa karibu na Mto Simiyu. Watu watahama tu, hilo halikubadilika. Mama ataiacha nyumba yake na kaburi la mwanawe. Ila atahamia penye maji.

Nimefurahi, nadhani.

Alhamisi, 29 Agosti
Mhandisi kaniachia bluu niitoe mwenyewe. Wino ule hautoki kwa raba. Nimekwangua kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke. Umetoka kama vumbi, nikaupuliza.

Picha yenyewe haikwanguliki. Nimewasha taa ya meza, nimeweka lenzi juu ya doa. Mwezi wa tisa Masanja alikuwa hai. Siku setilaiti ilipopita huenda bado alikuwa kule kwao, ndani ya picha hii, labda ukingoni mwa weusi, anapangusa kope zake na kutunga uongo wa jiko. Mtu ni mdogo mno, haonekani kutoka kule juu. Najua hilo vizuri kuliko wengi.

Nimemtafuta hata hivyo, mpaka wenzangu walipoanza kufunga madirisha.