Aliyeniosha Miguu

Ekerenyo, Nyamira
Jumapili

Kwa kaka yangu mpendwa Onsongo,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Natumai wewe, wifi Jacinta na watoto mko salama huko Nakuru. Sisi tuko. Goti la mama limetulia, na majani chai yamekuwa mengi tangu mvua irudi.

Ningekupigia simu, lakini kwa simu ningeishia kusema niko sawa.

Yale mabaka meupe yameenea, kaka. Kutoka mikononi yamefika mdomoni na miguuni. Daktari wa Kisii anayaita vitiligo na alirudia kwamba hayaambukizi, ila hapa hakuna anayemwuliza daktari. Akina mama wa kanisa waliniondoa kwenye kukanda chapati, kwa upole, wakasema nipumzike. Kwenye kituo cha kupimia chai wananiachia benchi lote. Navaa mikono mirefu hata juani, na kuna siku inapita bila mtu wa nje kuniita jina.

Jana ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Unajua tunavyoanza kwa kuoshana miguu, wanawake wawili wawili. Kila mmoja alipata mwenzake. Nikabaki na beseni langu, nikijifanya natafuta taulo. Ndipo mama mmoja akapiga magoti mbele yangu, akanivua viatu. Alikuwa Bitutu, mama yake yule Machogu aliyekuwa anioe.

Aliniosha polepole, mabaka na yote. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mwanawe alinikosea nini, hata wewe ukaenda kumtukana kwao mbele ya wageni.

Kaka, nisamehe. Nilikudanganya. Machogu hakuniacha kwa sababu ya ngozi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari, na akasema tarehe ya harusi ibaki palepale. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi. Nilisikia mtu sokoni akisema ananioa kwa huruma, nikaona afadhali nimfukuze kabla hajanichoka. Uliponiuliza, ilikuwa rahisi kusema amenikimbia.

Nilimwambia Bitutu yote hayo, mguu wangu ukiwa bado mkononi mwake. Hakuuachilia. Alimaliza kuufuta, hata katikati ya vidole, ndipo akaniambia Machogu alioa mwezi wa nne, msichana wa Nyamache. Akasema, "Ungeniambia mapema, mwanangu, ningekuja kukuchukua mwenyewe."

Halafu akavua viatu vyake, akaketi akiningoja. Nilimwosha kwa mikono hii, naye hakuikwepa.

Ukija Desemba, naomba twende wote kwao. Nitaongea kwanza mimi, kisha wewe umwombe Machogu radhi. Mama bado hajui. Akikupigia, niachie nimweleze mwenyewe.

Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi dada yako,
Mong'ina