Grini ya Tisa Iliinama Kulia

Kwa Awuor, binti yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichonijibia siku ile Homa Bay. Mimi nilikusalimia kwa lugha ya nyumbani, "Nyathina, idhi nade?" yaani mwanangu, hujambo, na wewe ukainua kichwa kutoka kwenye mizani ya misumari ukasema, "Karibu mzee. Tukusaidie na nini?" Kwetu huku Kiswahili ni cha sokoni, cha ofisini, na cha mgeni ambaye hujui ametoka wapi. Kati yangu na wewe hakijawahi kuwa na kazi. Basi sawa. Nitakaa hapo hapo uliponiweka, na nitaongea lugha uliyonipa.

Naiandika barua hii wazi, aisome yeyote anayetaka, kwa sababu ubaya niliokufanyia niliufanya mbele ya watu. Nakala moja nitaibandika kwenye ubao wa klabu, ingawa siku hizi hakuna anayeusoma ila kuku wa mlinzi.

Ulikuwa darasa la tano ulipoanza kunifuata kazini. Unakumbuka ule uwanja, mashimo tisa tu nje ya Awendo, miwa imeuzunguka pande zote, kiasi kwamba mtu akipiga mpira vibaya hana haja hata ya kuutafuta. Mimi nilikuwa mkata nyasi. Sisi ni watu wa Sabato, kwa hiyo Jumamosi ilikuwa ya kanisa, na Jumapili asubuhi, kabla wenye magari hawajafika, uwanja ulikuwa wetu wawili. Wale mabwana walipenda kupiga mbali, mpira upotee mawinguni, wenzao washangilie. Wewe hukujali hayo. Ulipenda grini, ule mduara wa nyasi fupi wenye shimo na bendera, mahali ambapo mpira haupigwi kwa nguvu bali unasukumwa. "Huko mbali ni misuli tu, Baba," ulisema. "Hapa ndipo kuna maneno." Mtoto wa miaka kumi na moja! Nilikuangalia nikasema moyoni, huyu ameyatoa wapi haya.

Fimbo yako ya kwanza iliachwa na mchezaji mmoja aliyeivunja kwa hasira. Niliikata kwa msumeno wa chuma ifike kiunoni mwako, nikaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli pale pa kushikia. Kikombe cha bati nikakilaza ubavu kwenye sakafu ya sebule, nikachora mstari wa chaki kutoka mlangoni hadi kikombeni. Kila asubuhi kabla ya uji ulikuwa unasukuma mpira juu ya mstari ule, na mama yako akiuruka na sufuria mkononi. "Hii nyumba ni ya watu ama ni ya mpira?" Alilalamika miaka yote ile, lakini ajabu ni kwamba alipokuwa akipiga deki hakuwahi kuufuta ule mstari.

Nilikufundisha kuhesabu. Achiel, fimbo inarudi nyuma. Ariyo, inakwenda mbele kwa urefu ule ule iliorudi. Moja, mbili, hakuna haraka, hakuna kusita katikati. Siku za kwanza mpira ulikuwa unakwenda kila mahali, chini ya kabati, kwenye miguu ya kuku, mpaka nje. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa unaingia kikombeni hata nikiwasha redio kwa makusudi kukusumbua. Na kubwa kuliko yote nilikufundisha kichwa. "Usifuate mpira kwa macho," nilikuambia. "Macho yabaki chini, pale mpira ulipokuwa. Sikiliza. Ukiingia utausikia." Ulikuwa unainama hivyo, shingo imetulia, masikio yamesimama, mpaka bati lilie.

Kusoma grini nako nilikufundisha ninachojua. Tulimwaga maji kwa jagi tukaona yanakokimbilia. Tulichuchumaa nyuma ya mpira, kisha nyuma ya shimo. Nilikuonyesha jinsi nyasi zinavyong'aa zikiwa zimelala kuelekea mbele yako, na jinsi zinavyokuwa nyeusi zikilala kuja kwako, na mpira kuwa mzito. Lakini hili la miguu ulilileta mwenyewe. Ulivua viatu ukatembea juu ya grini polepole, umefumba macho, ukisema unahisi kwenye nyayo uzito unakoegemea. Nilicheka sana. Nikakuambia mguu ni wa kutembelea. Jumapili moja, grini ya nne, mimi nikasema mpira utakwenda sawa, wewe ukasema utapinda kushoto upana wa kiganja. Ukapinda kushoto upana wa kiganja. Nikasema ni bahati. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema ni kipaji.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Ilipatikana nafasi moja, unakumbuka, ya kwenda Kisumu kufunzwa ualimu wa gofu, masomo ya kulipiwa mpaka mwisho. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, umekaa nyumbani miaka miwili ukipalilia miwa ya watu. Klabu ikasema atakayeshinda Jumapili ile ndiye atakayekwenda. Mkabaki wawili, wewe na yule kijana mrefu. Mpaka grini ya tisa mlikuwa sawa. Yeye alikuwa ameshakosa na kumaliza. Mpira wako ulikuwa hatua nne kutoka shimoni. Ukiingia, nafasi ni yako; ukikosa, ni yake. Mimi ndiye niliyekubebea mfuko wa fimbo, nimevaa koti langu la kanisani.

Uliinama kufungua kamba za viatu. Nikakuzuia. "Watu wanatazama," nilisema. Wanakamati walikuwa wamekaa kwenye viti kivulini pamoja na wake zao, na mimi niliona aibu binti yangu aonekane peku. Hilo nalo liandikwe.

Ukazunguka grini mara mbili ukiwa na vile viatu vya kuazima. Ukarudi ukaniambia chini chini, "Baba, imeinama kulia. Nahisi hata na viatu." Kulia kulikuwa na ua, na nyuma ya ua barabara ya matrekta ya miwa. Kushoto ndiko mto Sare uliko. Kila mtu aliyewahi kucheza pale anajua kwamba mpira kwenye grini ya tisa unavutwa na mto. Anajua kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Miaka kumi na tisa nimewaambia.

"Awuor, hii grini naikata mimi," nikasema. "Lenga nje ya shimo upande wa kulia. Utarudi wenyewe."

Ulinitazama kidogo. Kisha ukasema, "Sawa, Baba."

Achiel. Ariyo. Sijawahi kuona mpira ukisukumwa vizuri vile. Ulikwenda juu ya mstari niliokuonyesha, haukuyumba hata unywele mmoja, na ulipokaribia shimo, pale ambapo ulipaswa kuanza kurudi kushoto, ukazidi kwenda kulia, ukapita, ukaenda kusimama karibu na ua. Watu wakasema "aaah". Yule kijana akarukaruka. Na wewe bado ulikuwa umeinamisha kichwa. Kila mtu pale alikuwa ameshaona, na wewe ulikuwa bado umeangalia nyasi, unasikiliza, kwa sababu nilikuambia ukiingia utausikia.

Mwanakamati mmoja akaniuliza, "Imekuwaje, mzee?"

Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote wasikie. "Mkono umemcheza. Mnajua wasichana na presha."

Wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Hapo ndipo ulipoinua kichwa. Hukuangalia mpira ulikokwenda. Ulinitazama mimi.

Siku ya tatu ulifunga begi ukaenda kwa shangazi yako Homa Bay. Fimbo uliiacha nyuma ya mlango wa chumba chako. Sikukuzuia. Nilijiambia ni hasira za mtoto, zitaisha kabla ya palizi. Miaka minne imekwisha, hasira hazijaisha, na wala si hasira tena. Nafikiri hasira ningeziweza.

Mvua za msimu uliofuata ndizo zilizoniumbua. Nilikwenda kukata grini ya tisa nikakuta maji yamesimama upande wa kulia, karibu na ua, mahali ambapo hayajawahi kusimama. Nikachukua jagi, nikamwaga katikati. Maji yakakimbilia kulia. Nikamwaga tena, maana mimi ni mbishi hata kwa maji. Kulia. Matrekta yalikuwa yanageuzia trela zao pale nje ya ua, msimu baada ya msimu, na ardhi ikawa inatitia kidogo kidogo. Nilikuwa juu ya grini ile na mashine kila wiki na sikuona, kwa sababu sikuwa nikiitazama tena. Nilikuwa naikata ile ninayoikumbuka.

Kujua, basi, nilijua. Kusema ndiko kulikonishinda. Nilikaa na jambo hilo zaidi ya mwaka ndipo nikavaa lile koti la kanisani nikaja Homa Bay.

Nilikuja nikuambie haya, Awuor. Nilikuwa nimeyapanga njiani tangu gari lilipopita Rongo. Halafu ukasema, "Karibu mzee," ukanisogezea benchi, ukauliza nitakunywa soda gani. Ulikuwa na adabu sana. Ungenitukana ningepata pa kuanzia. Mwenzako wa dukani akauliza huyu ni nani, na wewe, huku ukifungua soda, ukasema, "Ni mzee wa kutoka Awendo." Si uongo. Hakuna hata neno moja la uongo pale.

Akaingia fundi akataka misumari nusu kilo. Ukamimina kutoka kwenye katoni hadi kwenye mizani, polepole, sindano ya mizani ikapanda, ikasimama pale pale palipotakiwa, na hukuongeza wala kupunguza hata msumari mmoja. Nilitazama mkono wako. Ule mkono haujui kutetemeka. Nikainuka, na badala ya kusema nililolijia, nikasema, "Nami nipimie." Ukauliza, "Inchi ngapi?" Nikasema tatu. Misumari ile ipo mpaka leo ndani ya karatasi yake, juu ya kabati. Sina cha kugongomea.

Mama yako huongea nawe kwenye simu kila Ijumaa kabla ya jua kuzama. Namsikia akicheka huko jikoni, nakusikia hata wewe, sauti yako inavyopasuka ukicheka, kwa lugha yetu. Nikiingia kuchukua maji anashusha sauti. Simlaumu. Anakulinda, na mimi ndiye anayekulinda dhidi yake.

Klabu imefungwa. Wachezaji walipungua, na ardhi imekodishwa kwa mkulima wa miwa. Trekta linaingia wiki ijayo. Grini nyingine zimeshakuwa vichaka, lakini ya tisa nimeendelea kuikata kwa mkono, bila kutumwa na mtu. Naenda pale jioni na ile fimbo yako fupi, napinda mgongo mpaka unaniuma, naweka mpira hatua nne kutoka shimoni. Nilivua viatu nijaribu kuhisi ulichohisi. Sikuhisi kitu. Nyayo zangu zimekuwa ngumu, zimepasuka, haziniambii lolote. Kwa hiyo nalenga tu ulivyosema wewe, nje ya shimo upande wa kushoto, nahesabu achiel, ariyo, nainamisha kichwa. Mpira unaingia. Nautoa, nausukuma tena, unaingia. Nilifikiri ukiingia mara nyingi nitapata nafuu. Kila ukilia shimoni naona afadhali ungekosa.

Trekta likishapita hakutakuwa na kulia wala kushoto pale. Itakuwa miwa tu. Hakuna atakayeweza kumwaga maji aone nani alikuwa na haki. Ndiyo maana naandika kabla: Awuor wangu alisoma grini ile sawasawa. Mkono wake haukumcheza. Alipiga mahali baba yake alipomwambia, na baba yake alikuwa amekosea, na baba yake akamsingizia mbele ya watu.

Sikuombi urudi. Ile nafasi ilikwenda na mwenyewe, na yule kijana sasa anafundisha watoto wa watu huko Kisumu. Ningekuwa na cha kukurudishia ningekuja nacho mwenyewe. Mama yako ananiambia nikupe muda. Namwitikia ndiyo, lakini mimi nilikulea, najua unavyofunga jambo likafungika. Ulifunga hivyo hivyo tulipomchinja yule mbuzi wako ukaamua hutakula tena nyama ya mbuzi, na hujaila hadi leo.

Wengine wote wameshaona kwamba mpira umepita. Shangazi yako ameona, kanisa limeona, mama yako naye ameona ila hasemi. Mimi ndiye niliyebaki nimeinamisha kichwa, nasikiliza.

Kwaheri, Awuor.

Ni mimi baba yako,
mzee wa kutoka Awendo