Wakili Wetu, Wetu na Nani?

Mpendwa mshauri, hii ni mara ya tatu naandika barua hii, mbili nimezichana, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ijayo, maana Ijumaa saa nne asubuhi tunatakiwa ofisini kwa wakili tukasaini mkataba wa kununua nyumba.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na moja, mume wangu ni fundi wa majokofu, tuna watoto watatu na tumepanga vyumba viwili kwa miaka kumi na minne, vyumba ambavyo nikitaka kukata kitambaa cha gauni lazima watoto wapande kitandani ndipo nipate sakafu ya kukitandaza. Mwaka huu nikauza kiwanja nilichoachiwa na marehemu baba ili na sisi tupate kwetu, na nyumba tukaipata mtaa wa pili tu, ya mzee mmoja mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mwalimu, ina vyumba vitatu na baraza yenye dirisha linalotazama barabara, na siku nilipoingia mara ya kwanza nilishaiona cherehani yangu imekaa pale dirishani, nikamwambia mume wangu hapa sitoki hata kwa kuburutwa.

Sasa tulipokubaliana bei, Mwalimu akacheka vizuri akasema, "Jamani, msihangaike kutafuta wakili, hawa wa siku hizi watawatafuna mpaka mifupa. Tutatumia wakili wetu." Mume wangu akashukuru kama aliyepewa nyumba bure, na mimi kwa kweli sikushtuka, nilisikia "wetu" nikadhani wetu sisi sote, basi tukaenda, Mwalimu mwenyewe akiwa nasi, ofisi iko ghorofa ya kwanza juu ya duka la rangi, ngazi zote zinanuka tapentaini, wakili mwenyewe kijana mwenye heshima zake, anaongea taratibu, akatuagizia chai, akasema hati ameshaiangalia, haina deni la benki wala kesi, tuwe na amani. Nikaomba kuiona hiyo hati, akasema iko kwa karani. Nikaomba nakala ya mkataba nikaisome nyumbani, akasema, "Mama, hiyo ni rasimu tu, bado tunairekebisha, usijichoshe." Akanifunulia ukurasa wa mwisho peke yake akanionyesha nitakaposaini, chini kabisa, chini ya jina la mume wangu, kwenye mstari wa shahidi, akasema ndio utaratibu.

Kisha akakunja mguu juu ya mwenzake, suruali ikapanda kidogo, jicho langu la kifundi likaenda kwenye pindo, na hapo mshauri moyo ukanilipuka. Ile suruali niliipunguza mimi! Ya bluu iliyokoza, na siku ile uzi wa bluu ulikuwa umeniishia nikashonea mweusi nikijua ndani hataona mtu, kazi ambayo mpaka leo naionea aibu, tena mguu wa kushoto niliupunguza kuliko wa kulia kwa nusu kidole kama nilivyoagizwa. Na aliyeniletea ni Mwalimu mwenyewe, miezi mitatu iliyopita, akaniambia, "Fanya haraka, fundi, ni ya mkwe wangu, mguu wake mmoja mfupi kidogo." Wakili alipoinuka kutusindikiza nikamwangalia anavyotembea. Anaegemea kushoto.

Njiani nikamweleza mume wangu, akasimama palepale barabarani akaniambia, "Wewe mwanamke! Sasa umefika kwenye kupekua suruali za watu?" Nyumbani wananiita Bi Shaka, mama mkwe wangu husema mimi hata kivuli changu nakidai kitambulisho, na sitaki kukudanganya, mwaka jana nilimfuata muuza gesi mpaka ghalani kwake nikaupima mtungi mbele ya wateja wake na mtungi ukakutwa umejaa pomoni, nikaomba radhi nikarudi nyumbani uso nimeuficha kwenye kanga. Mume wangu anasema nikimuudhi Mwalimu atauza kwa mwingine, yupo mtu anaitaka sana ile nyumba, na mkwe au si mkwe, wakili ni wakili, amesomea. Shemeji yangu naye anasema nikileta wakili mwingine nitakuwa nimemtukana mzee wa watu. Niambie ukweli, nina wazimu au tunachezewa? Na nikikataa kusaini nikaikosa ile nyumba, watoto wangu nitawaambia nini?

Bi Shaka, fundi cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Bi Shaka, wazimu huna. Wenye wazimu ni wanaonunua nyumba kwa tabasamu na kikombe cha chai. Kwa muuza gesi ulikosea, haya, pole, ukaomba radhi yakaisha. Ukikosea kwenye nyumba utamwomba nani radhi, marehemu baba yako?

Tuanze na huyo mkwe. Mkwe wa mtu anaweza kuwa wakili, tena anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Mimi simjui, na sitamtangaza mwizi gazetini kwa sababu ya uzi mweusi. Lakini hebu lirudie lile neno, "wakili wetu". Lugha yetu hii tamu imekuchimbia shimo hapo. Kwa Mwalimu, "wetu" ni yeye, binti yake na mume wa binti yake. Kwako wewe, "wetu" ni wewe, mumeo na Mwalimu, mmeshikana mikono. Mzee hakusema uongo hata herufi moja, na hilo ndilo linanitia baridi. Tena niambie, umewahi kumwona mzee gani mwenye mkwe wakili akanyamaza? Mtaa mzima ungeshajua! Angekuwa anamtaja hata akienda kununua chumvi. Lakini huyu amekaa naye chumba kimoja, mbele yenu, kimya. Kulikoni?

Na wewe nawe! Suruali ya mtu unaipima mpaka nusu kidole, mkataba wa nyumba unataka kuusaini kwa kuonyeshwa mstari? Mteja akikuletea kitambaa akakwambia, "Kata tu, vipimo viko kwa karani," ungekata? Ungemtimua yeye na kitambaa chake.

Sasa nakuuliza jambo ambalo hukuniuliza. Umelitaja katikati ya barua ukapita nalo mbio, ukaenda zako kwenye pindo. Umesema utasaini kwenye mstari wa shahidi. Shahidi, mwanangu? Shahidi ni mtu aliyekuwepo akaona wengine wakisaini, basi, kazi yake imekwisha, anarudi kwake. Shahidi hamiliki hata bawaba ya mlango. Kwenye karatasi hiyo mnunuzi ni mumeo peke yake, na kiwanja kilichouzwa ni cha baba yako. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikavua miwani.

Inawezekana ni uzembe wa karani. Inawezekana wakili aliuliza, "Mnunuzi nani?" na mumeo akajibu, "Mimi," bila kufikiri, wapo wanaume wanaojibu hivyo hata wakiulizwa nani kapika. Na inawezekana vinginevyo. Mimi sijui na wewe hujui, na ndiyo maana hasa unahitaji wakili ambaye anakufanyia kazi wewe.

Kwa hiyo Ijumaa hakuna kusaini. Nenda kwa Mwalimu kwa adabu zako zote, umwamkie, umwambie, "Mwalimu, mkweo tunamheshimu sana, abaki kuwa wakili wako, na sisi tunatafuta wa kwetu." Litamke hilo neno "mkweo" bila kupandisha sauti, halafu mtazame usoni. Akicheka akasema ni sawa, endeleeni na mazungumzo, ila kwa macho mawili. Akikuuliza nani kakwambia, basi ujue alitaka usijue. Shemeji yako anasema huko ni kumtukana mzee. Mwulize mzee alipojichagulia wakili wake alimtukana nani. Na huyo mnunuzi mwingine anayeitaka sana nyumba, nimesoma barua za watu miaka kumi na tisa, kila nyumba inayouzwa huwa na mmoja kama huyo, na mpaka leo sijakutana na aliyewahi kumwona kwa macho.

Wakili wa kwako umtafute mwenyewe. Asiwe wa shemeji wala wa dalali. Hakikisha yumo kwenye orodha ya mawakili na leseni yake ni ya mwaka huu, si ile ya zamani iliyopigwa fremu ukutani. Muulize amesimamia nyumba ngapi, maana wako mabingwa wa talaka wasiojua mlango wa ofisi ya ardhi uko upande gani. Muulize kama faili lako atalishika yeye au atamtupia karani. Ada yake aiandike kabla hajagusa chochote. Na umuulize bila haya, "Una undugu na muuzaji, au mmewahi kufanya kazi pamoja?" Kisha hati ipekuliwe ofisi ya ardhi, uletewe majibu yenye muhuri uyaone kwa macho yako, na nakala ya mkataba ikae kwako siku tatu uisome mstari kwa mstari. Usichokielewa uliza, hata mara kumi. Akikwambia usijichoshe, toka. Unamlipa ili achoke yeye.

Umeniuliza watoto utawaambia nini ukiikosa nyumba. Utawaambia mnaendelea kutafuta. Wamepanda kitandani miaka yote hiyo, mwaka mmoja zaidi hautawavunja miguu. Kitakachowavunja ni kuhamia kwenye nyumba ambayo mama yao akiambiwa toka, hana karatasi ya kuonyesha.

Ila kabla ya Mwalimu, kabla ya wakili, anza nyumbani kwako leo hii. Mumeo akirudi kazini, mpe kiti na maji ya kunywa. Usimtajie suruali, usimtajie mkwe wa mtu. Mwambie maneno manne tu: "Nataka jina langu liandikwe." Kisha nyamaza umsikilize. Akishtuka akasema, "Kwani halipo?" mshike mkono mkamtafute wakili wenu pamoja. Akianza kukueleza kwa nini si lazima, vaa viatu uende peke yako.