Kadi Nyekundu ya Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Cherehani, ndivyo mtaa mzima unavyoniita
Umri: Miaka 41
Kazi: Fundi wa nguo
Makazi: Nyumba yenye geti la bluu, mkabala na duka la mikate

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema, kwa akili timamu na bila kulazimishwa, kwamba mama mliyemkalisha kwenye benchi hapo nje ni mama mkwe wangu. Hakujifanya trafiki. Nitaeleza.

Baba mkwe alikuwa refa wa mechi za mtaani. Tangu tumzike mwaka jana, mama hakutoka tena getini. Chakula alikuwa anakigusa tu. Ukimwambia atoke akaote jua, anakujibu, "La nini? Siku zote ni zile zile." Mume wangu, ambaye ni fundi umeme mwenye kichwa kigumu, akasema basi atamletea siku zisizofanana. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba duniani kila siku ina sherehe yake, akaapa tutazisherehekea zote.

Siku ya Kutembea Kinyumenyume alikwenda kununua mkate kinyumenyume, akamkalia mwenye duka mapajani. Siku ya Soksi Zisizofanana nilipima wateja nikiwa na soksi moja nyekundu na moja ya kijani, bibi harusi mmoja akahamishia gauni lake kwa fundi mwingine. Mama alitutazama kupitia dirisha, hata tabasamu hakutoa. Niliumia sana, afande, andika hivyo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, Jumamosi, wakati wa chai, mume wangu alitangaza kuwa leo ni Siku ya Filimbi. Filimbi nyumbani ni moja tu, ya marehemu, nayo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari chumbani kwa mama. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa ameshasema. Mama akaweka kikombe chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikampa mume wangu vidonge vyake.

Saa nne na robo asubuhi nikiwa kwenye cherehani nilisikia filimbi barabarani. Nilitoka mbio na futi yangu shingoni. Mama alikuwa katikati ya barabara, amevaa shati jeusi la urefa juu ya gauni, mkono juu. Magari yalikuwa yamesimama, pikipiki zimesimama, hata mwenye mkokoteni wa magodoro. Mbele yake lilikuwa gari la muuza maji, jirani yetu tunayemwita Bwana Tenki, ambaye kila siku huegesha mbele ya geti letu, na ukimwambia anajitia hamnazo. Ndiyo kwanza alikuwa anaegesha.

Mama alipuliza tena, akatoa kadi nyekundu mfukoni.

Bwana Tenki akasema, "Mama, nimefanya nini tena?"

Mama akajibu, "Mume wangu alishakuonya kwa mdomo. Toka uwanjani!"

Mtaa mzima ukapiga makofi na vigelegele. Bwana Tenki akaondoa gari, akaja moja kwa moja kwenu kulalamika. Mama akageuka, akaniona, akacheka hadi akashika mbavu. Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake. Nililia pale pale mbele ya wateja wangu na sioni aibu.

Askari wenu walipofika, aliingia garini mwenyewe bila kushikwa mkono. Kabla mlango haujafungwa alitoa kichwa akaniuliza, "Mkwe wangu, kesho ni siku ya nini?"

Sikujua. Lakini tangu msiba hajawahi kuuliza habari za kesho. Mkitaka kunifunga mimi badala yake, nipo tayari. Ila filimbi mrudishieni.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu yote na sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

MAELEZO YA ASKARI WA ZAMU: Yameandikwa nami saa saba na nusu mchana. Mlalamikaji amekiri kuziba geti na amefuta malalamiko. Mama ameachiwa, amekabidhiwa filimbi na kadi zake. Nimeangalia kwenye simu yangu: kesho ni Siku ya Kofia. Nimemwarifu. Ameomba kuazima yangu. Nimekataa. Amenionyesha kadi ya njano.

Nimempa.