Mishipi Iliyokatwa Gatini

Nyumba Na. 6, Barabara ya Gati,
Port Carrow,
Australia Kusini.
9 Machi 2019

Mpendwa dada yangu Verna,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute unatembea bila mkongojo. Goti linaendeleaje? Daktari ameshakuruhusu kupanda ngazi, au bado unalala sebuleni? Na Lionel je, kifua chake kimehimili baridi ya huko Kanada? Mimi sijambo. Joto limetuchoma tangu Krismasi, majani yote yamekauka yakawa rangi ya mkate, lakini presha yangu imeshuka na nyanya zimezaa mpaka nagawa kwa majirani, wale ambao bado wanakubali kupokea kitu kutoka mkononi mwangu.

Nadhani Murray ameshakupigia simu. Sijui shemeji yetu amekwambia nini, ila nahisi, na ndiyo maana nimekaa mezani asubuhi yote hii. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujamjibu yeyote kati yetu.

Gati utakuwa hujalisahau. Siku hizi ni mali ya wazamiaji. Chini yake, kwenye nguzo, vinaishi vijoka vya baharini, vile visamaki vinavyofanana na mwani, na watu wanaendesha gari mwendo wa saa tatu kutoka Adelaide kuja kuvitazama. Jumamosi mitungi yao ya hewa inajaa njia nzima, sisi wavuvi wa ngisi tunapita kwa kuirukaruka. Chubwi zetu za risasi zinawaangukia vichwani, wao wanatufukuzia ngisi. Tulivumiliana, maana yake kila upande ulinuna kimyakimya.

Kisha Januari mishipi ikaanza kukatwa. Unajua desturi yetu: unafunga fimbo yako ya kuvulia kwenye ukingo, boya linaelea, unakwenda kibandani kunywa chai na kula pai. Tukirudi, tunakuta mishipi inapepea, boya na chambo havipo. Wa kwanza alikuwa Pino, yule Mwitaliano aliyekuwa na duka la viatu. Halafu mimi, mara nne. Na kila mara walikuwepo wazamiaji majini.

Nikaanza kuwatazama, Verna. Nilinunua daftari. Nikaandika nani kaingia majini saa ngapi, katoka saa ngapi, kabeba nini. Jina moja lilijirudia: Hanneke Visser, nesi mstaafu aliyehamia mjini mwaka jana, mwanamke mfupi mwenye kisu cha kuzamia kifundoni mwa mguu. Anazama karibu kila siku, mara nyingine peke yake. Siku moja alipanda na mfuko wa wavu umejaa mishipi na ndoana. Nikamuuliza amevitoa wapi.

"Vimezongana kwenye nguzo huko chini," akasema. "Vya miaka na miaka. Unataka chako? Chagua."

Alicheka. Mimi nikaona ananicheka.

Jioni ile nikawaambia wenzangu kibandani kwamba mwizi wetu ni yule. Niliandika barua kwa halmashauri nikamtaja kwa jina, tukaisaini watu kumi na mmoja. Halmashauri ilikuwa na mpango wa kuwajengea wazamiaji ngazi ya pili, na sisi tukaomba mpango ufutwe. Na jambo hili sijamwandikia mtu mwingine: asubuhi moja alipokuwa majini, niliyatoa upepo matairi yake yote manne. Mimi, mtu wa miaka sabini na mmoja, nimepiga magoti kwenye kokoto kama mhuni.

Siku ya tatu yake alikuja hadi ukingoni nilipokuwa nimesimama, suti yake ikimwaga maji kwenye viatu vyangu.

"Bwana Clem, nina swali moja tu, kisha nakuacha na daftari lako. Mshipi ukikatwa, kipande kinachobaki kwenye fimbo kina urefu gani?"

"Mkono mmoja hivi," nikasema. "Kwani nini?"

"Kutoka ukingoni hapa mpaka majini ni mita nne. Mimi nina mita moja na nusu. Nilifikaje, niliruka kama pomboo?"

Akaenda zake. Nikalifungua daftari. Ndani yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika mara nne: kimebaki kipande cha mkono mmoja. Niliandika bila kujiuliza. Mkataji alisimama juu, pamoja nasi.

Basi shaka yangu ikageuka, ikaanza kuwatafuna niliowapikia supu. Nilitazama mikono ya Pino. Nilihesabu nani anatangulia kwenda chai na nani anachelewa. Nililala vibaya. Jumamosi iliyofuata, wenzangu walipokwenda kibandani, nilisema naenda msalani, nikajibanza nyuma ya kibanda cha kuparia samaki, pale katikati ya gati.

Murray, shemeji yetu, alibaki kwenye kona anayovulia siku zote. Alitazama huku na huku. Akatoa kisu cha chambo, akaukata mshipi wa Pino, wangu, kisha wake. Akakifuta kisu kwenye suruali, akakaa juu ya ndoo yake, akatulia kama mtu anayesubiri basi.

Nikamwendea.

"Shemeji, kisu hicho."

"Kisu gani?"

"Kilicho mfukoni mwako. Nimekuona, Murray."

Hakukana.

"Unajua ngazi yao wanaiweka wapi?" akasema. "Hapa. Kona hii. Hapa ndipo marehemu Una aliposimama kila Jumapili kwa miaka thelathini na nane. Wapande hapa na mitungi yao wakichuruza maji, mahali pa dada yako."

"Ungetuambia. Ningesimama na wewe."

"Niliwaambia! Mara mbili! Mkasema tungoje barua kutoka halmashauri, mkaendelea kutafuna pai. Mshipi mmoja ulipokatwa, mlikuja wote mbio."

"Na yule mama je? Ameitwa mwizi mji mzima."

"Mimi sikumtaja mtu, Clem. Mimi nilikata nailoni tu. Jina ulilileta wewe."

Verna, nimesemwa mengi maishani, lakini sikuwahi kupigwa pale pale panapouma kama siku ile. Wenzetu waliporudi, Pino akapiga kelele, "Washenzi wamekata tena!" na Murray akatikisa kichwa, akasema ni aibu. Na mimi nikanyamaza.

Mkutano wa halmashauri ulikuwa Alhamisi, ukumbini. Wavuvi upande mmoja, wazamiaji upande wa pili, katikati njia tupu. Nilisimama nikasema naondoa jina langu kwenye ile barua, kwamba Bi Hanneke hakukata mshipi wowote, mkataji alikuwa juu ya gati. Nikakiri matairi. Nilimwomba radhi mbele ya watu wote.

"Basi nani kakata?" Pino akauliza.

Nikasema simtaji.

"Humtaji kwa kuwa ni wewe! Mtu wa kutoa matairi upepo atashindwa nini?"

Ukumbi ukavuma. Nilimtazama Murray, safu ya tatu, karibu na dirisha. Nilimngoja. Nilimpa muda wote ambao mtu angeweza kupewa. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikakaa chini.

Kwa hiyo sasa mji unajua kwamba Clem Tregenza alikata mishipi ya rafiki zake, na yake mwenyewe ili asishukiwe. Kibandani nikiingia mazungumzo yanakatika. Pino amehamisha ndoo yake mbali na yangu, na nikipita anaziweka fimbo zake kifuani kama mtoto mchanga. Ngazi imepitishwa kwa kura. Mafundi wataanza Juni, kona ile ile.

Anayenisalimu ni Hanneke. Juzi alipanda akakaa karibu nami, akimimina kahawa. Nikamuuliza haogopi kuonekana na mimi.

"Najua si wewe," akasema. "Wewe ni mtu wa matairi, si mtu wa mishipi."

Sikumwambia kitu, naye hakuuliza. Lakini niliona akitupia jicho kona tupu ya Murray.

Nimekueleza wewe kwa sababu Una alikuwa dada yetu sote, na sikutaka uishi na habari ya upande mmoja. Usimwandikie mtu mwingine. Murray hajaja gatini tangu Alhamisi ile. Nimegonga mlango wake mara tatu. Gari lipo, redio inasema ndani, hafungui. Jirani yake anasema mapazia hayajafunguliwa wiki nzima. Kama hajakupigia, mpigie wewe. Akikwambia kwamba mimi ndiye mkataji, usimbishie. Muulize tu kama anakula.

Nisalimie Lionel, umwambie aache kuvuta biri. Mbusu Tamsin kwa niaba ya babu yake, na salamu zangu kwa binamu Jory akipita kwenu. Mungu alinyooshe goti lako na awafunike wote nyumbani kwako.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,

Clem