Bei Tuliyonunulia

Jumatatu, 5 Julai 1993
Ofisini tangu saa mbili. Chai haina sukari tena. Nimeshinda nikinakili orodha ya bondi za serikali, hati za kuikopesha, ambazo kampuni yetu ya bima inazishikilia. Kila moja kwa bei tuliyonunulia. Upuuzi mtupu! Serikali yenyewe sasa inatoa mpya zenye riba kubwa mno. Nani atazitaka hizi kuukuu kwa bei ile?

Jioni kwa dada Zuhura, mtaani Kuze. Bado yuko ndani, eda haijaisha. Kaniuliza pesa za bima ya marehemu mumewe. Nikamwambia zaja. Shemeji hakuitaka bima, akiita kamari. Mimi ndiye niliyemganda mpaka akatia sahihi.

Jumatano, 7 Julai
Mkaguzi aja kesho. Meneja kaniita, kafunga mlango. Nusu ya bondi zetu zimo kwenye orodha ya za kuuza, na hizo lazima ziandikwe bei ya leo sokoni, bei ya kutufilisi. Ataka nizihamishe zote, niziite za kungojea mpaka zikomae, serikali izilipe. Huko bei ya kununulia yaruhusiwa.

Karatasi zile zile. Safu nyengine. Na kampuni yawa nzima.

Nimehamisha. Nimetia sahihi. Mwoga mimi, basi.

Alhamisi, 8 Julai
Mkaguzi kanywa vikombe viwili, kagonga muhuri, kaenda zake. Meneja acheka.

Jumatatu, 19 Julai
Ghala la mteja wetu mkubwa, kule mtaa wa Shimanzi, limeungua lote. Moshi tuliuona dirishani. Kumlipa lazima tuuze bondi. Zile zile tulizosema hatuuzi.

Alhamisi, 29 Julai
Dalali kapiga simu, kataja bei. Meneja kamtukana, mwizi we! Si mwizi. Ndiyo bei yenyewe. Nilikuwa naijua tangu siku ile ya sahihi.

Majalada ya waliofariki yamerudishwa kabatini bila kulipwa. La shemeji limo.

Zuhura kanipikia mkate wa sinia, shukrani ya kumhangaikia. Nimekula vipande vitatu. Najichukia.

Ijumaa, 6 Agosti
Kufuli mlangoni. Tangazo limebandikwa: kampuni imefungwa, wenye madai wangoje. Wangoje nini? Meneja haonekani.

Nimepita Kuze. Wallahi nilikusudia kumwambia dada.

Jumanne, 10 Agosti
Eda imekwisha; jana nililala kwa dada. Asubuhi dada kakoga, kajifukiza udi, kavaa buibui jipya. Miezi minne na siku kumi hajatoka nje, na pa kwanza anapotaka kwenda ni ofisini kwetu. "Kakangu, nipeleke nikawashukuru kwa mdomo wangu."

Nimemwambia anipe dakika, navaa viatu. Nimekuja huku juu, nimekaa kitandani naandika. Viatu nimeshavaa zamani.

Ananiita tena, kwa upole. Nashuka.