Sanduku la Manjano Juu ya Shimo la Ndizi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lydiah Igoki Muriithi
Umri: Miaka 56
Kazi: Mkulima na muuzaji wa ndizi
Makazi: Karibu na soko la Karurumo, Kaunti ya Embu
Yameandikwa: Kituo cha polisi, Runyenjes, tarehe 14 Machi 2025, saa nne asubuhi

Naeleza kwa hiari yangu. Kwa kuwa afisa ameniambia nisiruke kitu, nitaanza na kosa langu.

Mnamo tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naenda kukata majani ya ng'ombe. Kando ya barabara inayotengenezwa nilikuta sanduku la plastiki la manjano, zito karibu nusu gunia la mahindi. Lilikuwa na kufuli. Lilikuwa pia na alama ya mabawa matatu meusi, nikadhani ni feni. Sikuripoti kwa chifu. Nilirudi na wilbaro nikalipeleka nyumbani, nikisema mwenyewe atakuja kulitafuta.

Mume wangu Muriithi alitaka kukata kufuli kwa msumeno wa chuma. Nilimkataza, akanuna siku mbili.

"Wewe Lydiah, unalinda mali ya mtu hata hujui jina yake," alisema.

Nilimjibu kwamba yake nimeilinda miaka thelathini na sijasikia asante.

Tarehe 5 nilifukia mikungu minne. Kwetu ndizi huiva shimoni. Tunatandika majani ya mgomba, tunapanga ndizi, tunafunika kwa majani na magunia, kisha tunakandamiza mdomo wa shimo kwa jiwe. Jiwe langu lilikuwa limepasuka, kwa hivyo niliweka lile sanduku.

Ndizi ziliiva kwa siku nne badala ya sita. Majirani waliniuliza natumia dawa gani, nami nikajigamba, sifichi. Chane ya kwanza nilimpa Nkirote, mke wa mwanangu, mwenye mimba ya miezi saba. Yeye ni mtu wa Timau, kule kwa baridi, na alisema hajawahi kula ndizi tamu hivyo. Alizila akiwa amekaa juu ya sanduku, maana hapo ndipo palipokuwa na kivuli.

Tarehe 13 Machi, saa tatu asubuhi, alifika Younis, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Meru mjini. Tunafahamiana naye miaka mingi. Muriithi alimwita atazame sanduku, Nkirote akiwa amekaa juu yake kama kila siku. Younis aliona ile alama, akamshika Muriithi shati na kumvuta nyuma.

"Mama, hii hata ukinipa bure sichukui," aliniambia. "Mwambie huyo dada atoke hapo juu."

Alisema wanunuzi wa vyuma walifundishwa kwamba alama hiyo ni ya mionzi, ambayo haionekani wala haina harufu, na yaweza kumdhuru mtu na mtoto aliye tumboni. Alipiga simu polisi yeye mwenyewe.

Kuanzia saa hiyo sikuketi. Kalikuwa kajukuu kangu ka kwanza, na nilikuwa nimemlisha mama yake kwa mkono wangu. Nilijiona mchawi wa boma langu.

Saa kumi kasorobo walifika polisi na mtaalamu wa mionzi, Bwana Koome, na kifaa cha kupimia. Alipima kwanza, kisha akafungua kufuli kwa vifaa vyake. Ndani mlikuwa na mashine ya kupima kama udongo wa barabara umeshindiliwa vizuri, na ndani ya mashine punje ya madini yaitwayo seziamu. Punje ilikuwa bado imefungiwa kwenye ganda lake la madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Alisema kama tungekata kufuli na mtu akaichomoa punje, yeye angekuwa anatueleza mambo mengine. Muriithi aliangalia msumeno wake ukutani. Usiku aliniambia asante.

Bwana Koome alimuuliza Nkirote alikaa juu ya sanduku muda gani kila siku, akapiga hesabu. Alisema mionzi iliyompata ni kidogo, haifiki kiwango cha kumdhuru mtoto. Kuhusu ndizi, alisema mionzi ya sanduku hilo hupita tu, kama mwanga wa tochi usivyobaki ukutani ukiizima. Ziliiva haraka kwa sababu uzito ulibana mdomo wa shimo, hewa ya kuivisha ikabaki ndani.

Nilimlazimisha apime ndizi zangu hata hivyo. Alicheka. Alisema ndizi yoyote duniani ina chembe ya mionzi ya asili, hata sisi wenyewe tunayo.

"Hiyo ni ya Mungu, mama, si ya sanduku."

Saa moja na nusu jioni daktari wa hospitali alimpima Nkirote, akatusikilizisha moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga vizuri. Tulipofika mlangoni Nkirote aliniuliza, "Mama, zile ndizi zilibaki?" Siku nzima sikuwa nimelia. Nililia hapo.

Ninayoyajua yameishia hapa, na sijamsingizia mtu.

Sahihi: L. I. Muriithi

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, naye amekubali kwamba ni sahihi. Alitoa kwenye kikapu ndizi za shimo lililotajwa na akakataa kutia sahihi mpaka nile moja. Nimekula mbili.

Konstebo P. Thuranira